Mtoto anaporudi nyumbani na fatwa ya simu

Siku chache baada ya Iddi el-Fitri ya mwaka jana, mama mmoja Mwislamu wa hapa Kilosa alifika katika ofisi ya kamati ya msikiti wetu akiwa na mfuko wenye kanzu mpya, bado imekunjwa kama ilivyotoka dukani. Kanzu hiyo ilinunuliwa na mdogo wake wa tumbo moja anayeishi Mikumi, mwenye mgahawa wa kuwauzia chakula madereva wa malori kando ya barabara kuu ya Iringa. Mdogo huyo ni Mkristo. Kwa zaidi ya miaka kumi amekuwa akimletea mtoto wa dada yake nguo ya Iddi, na dada mtu naye kila baada ya mavuno humpelekea gunia la mchele. Safari hii kijana, mwenye umri wa miaka 18, aliikataa kanzu. Alimwambia mama yake kwamba zawadi ya kafiri haivaliwi katika ibada, kwamba chakula cha mama yake mdogo hakitapita tena kinywani mwake, na kwamba mama naye akiendelea kwenda Mikumi ajue yumo katika hatari ya kutoka katika dini.

Mama yule hakulia mbele yetu. Aliuliza swali moja tu: "Mimi ndiye niliyempeleka madrasa akiwa na miaka mitano. Leo ananifundisha kumtupa ndugu yangu. Nimekosea wapi?"

Tumeandika makala hii kwa idhini yake na ya mwanawe, bila kuwataja majina, kwa sababu tunaamini swali hilo linaulizwa kimya kimya katika nyumba nyingi za Waislamu, na wengi wanaoliuliza hawana wa kumwendea.

Mji wa wageni

Kwanza tukumbuke tunaishi wapi. Kilosa ni mji uliokuzwa na watu waliotoka kwingine. Wenyeji wa asili wa maeneo haya ni Wasagara, pamoja na majirani zao Wakaguru na Wavidunda. Lakini njia ya misafara kutoka pwani ilipita katika bonde la mto Mkondoa, ikawaleta wafanyabiashara wa Kiswahili na Kiarabu na wapagazi kutoka bara. Uislamu ulifika kwa mwendo huo wa miguu. Ulikuja na watu waliouza nguo na chumvi, wakaoa, wakazika wazazi wao hapa, wakabaki. Baadaye ikaja reli ya kati, iliyoanza kujengwa Dar es Salaam mwaka 1905 na kufika Kigoma mwaka 1914. Yakaja mashamba ya mkonge yaliyovuta manamba kutoka kila upande wa nchi. Mikumi nayo imekua kwa barabara kuu ya kwenda Zambia na kwa hifadhi ya taifa iliyotangazwa mwaka 1964. Na katika miaka ya karibuni milima ya Kilosa imetobolewa mahandaki ya reli ya SGR, kazi iliyowaleta mafundi kutoka mikoa mingi na hata kutoka Uturuki.

Kwa hiyo katika safu moja ya swala ya Ijumaa hapa kwetu husimama mjukuu wa mpagazi, mjukuu wa manamba, mtoto wa mfanyakazi wa reli na fundi aliyefika mwezi uliopita. Nje ya msikiti, ni nadra kukuta ukoo usiokuwa na Waislamu na Wakristo pamoja. Mwanamke wa Mikumi mwenye mgahawa na dada yake wa Kilosa ni kawaida ya mji huu.

Ukawaida huo umetubeba siku ngumu. Mwishoni mwa mwaka 2009 na mwanzoni mwa 2010, Mkondoa ulipofurika, maelfu ya wakazi walipoteza nyumba na kuhamia katika mahema. Maji hayakuuliza dini ya mtu, na wazee wetu wanasimulia kwamba wapishi wa vyungu vya pamoja hawakuuliza pia.

Lakini tusijidanganye kwamba sisi ni watu wa amani kwa kuzaliwa. Desemba 2000, watu 38 waliuawa katika kijiji cha Rudewa Mbuyuni, humu humu wilayani, katika mapigano ya wafugaji na wakulima. Watu hao hawakuuawa kwa ajili ya dini. Ulikuwa ugomvi wa ardhi, malisho na maji, uliopewa sura ya kabila. Tunautaja kwa sababu moja. Chuki huanza pale jirani anapoacha kuitwa kwa jina lake na kuanza kuitwa kwa kundi lake. Likishafika hapo, mwenye panga hakosekani.

Kamati ilipogawanyika

Baada ya mama yule kuondoka, kamati ilikaa. Tunakiri kwamba tuligawanyika. Mmoja alisema kijana apigwe marufuku kuingia msikitini mpaka atubu, kwa kuwa tayari alikuwa ameacha kuswali nyuma ya imamu wetu. Hoja yake kijana ilikuwa kwamba imamu alihudhuria mazishi ya jirani Mkristo, hivyo swala nyuma yake haisihi. Mwingine akashauri taarifa ipelekwe polisi siku ile ile kabla msikiti haujaingia matatani. Wa tatu akasema tunakuza jambo dogo. Ni utoto, utapita. Na wa nne, ambaye ndiye mkubwa kwetu kwa umri, akatuuliza kama kuna yeyote kati yetu aliyekwisha kuzungumza na huyo mtoto. Hakuna aliyekuwa amezungumza naye.

Hapo ndipo imamu alipotukumbusha kisa kilichopokewa na Imamu Ahmad kutoka kwa Abu Umama (RA). Kijana mmoja alimwendea Mtume (SAW) mbele ya watu akaomba ruhusa ya kuzini. Waliokuwepo walimkemea kwa ukali. Mtume (SAW) akamwita karibu, akamkalisha, akamuuliza kama angependa jambo hilo lifanywe kwa mama yake, kisha binti yake, kisha dada yake, kisha shangazi yake na mama yake mdogo. Kila mara kijana alijibu hapana, naye Mtume (SAW) akambainishia kwamba watu wengine nao hawapendi. Kisha akaweka mkono wake juu yake na kumwombea dua. Tuangalie mpangilio wa kisa hiki. Kijana aliletwa karibu kwanza, akaulizwa, akaachwa ajibu kwa kinywa chake, na mwisho akaombewa. Hakufukuzwa, na wala kosa lake halikuitwa dogo.

Tukaazimia kufuata mpangilio huo. Imamu na katibu wakapewa kazi ya kwenda nyumbani kwake baada ya swala ya Alasiri.

Tulichokikuta

Kijana alitupokea kwa salamu kamili ya Kiislamu, lakini hakumwamkia imamu shikamoo, kama alivyofanya tangu utotoni. Alieleza kwamba neno hilo ni shirki. Imamu hakubishana naye juu ya shikamoo. Aliketi kwenye mkeka, akaomba maji ya kunywa, akamuuliza anaendeleaje.

Mazungumzo ya siku ile na ya siku nyingi zilizofuata yalitufunulia mambo matatu.

La kwanza ni kuhusu mwalimu wake. Elimu yote aliyokuwa akiitolea hukumu aliipata katika kundi la simu aliloingizwa na mtu asiyemfahamu. Tulipomuuliza jina la sheikh anayetoa darsa zile, alitaja jina la kuniya tu. Hakujua mji wake, wala alisoma kwa nani, wala kama ana mke na watoto. Mababu zetu walikuwa hawanunui mbuzi bila kujua anatoka zizi gani. Leo mtoto anapokea dini yake, na hukumu ya nani ni Mwislamu na nani si Mwislamu, kutoka kwa sauti isiyokuwa na uso.

La pili ni kuhusu maisha yake. Alikuwa amemaliza kidato cha nne na matokeo hayakuwa mazuri. Mwaka mzima alikuwa nyumbani. Baba yake anafanya kazi mbali na hurudi kwa nadra. Katika kundi lile ndimo mara ya kwanza kwa muda mrefu mtu alimwita shujaa, akamwambia umma unamhitaji. Hatusemi kwamba kila asiye na kazi huingia katika itikadi kali. Wengi mno hawana kazi na wana subira. Tunachosema ni kwamba moyo ulio mtupu hujazwa na anayewahi.

La tatu lilituuma sisi wenyewe. Alituambia kwamba akiwa na miaka 12 aliuliza swali katika madrasa yetu: kama Mungu ni mwenye kurehemu, mama yake mdogo, ambaye ni mtu mwema, atakwenda wapi? Ustaadh wa wakati ule alimchapa viboko kwa utovu wa adabu na kumwambia maswali kama hayo ni ya shetani. "Nikanyamaza," alisema. "Lakini swali halikunyamaza. Wale wa kwenye simu walinijibu."

Hili tunaliandika bila kulipamba. Swali lililozaliwa na mapenzi ya mtoto kwa mama yake mdogo lilikosa jibu kwetu, likapata jibu la chuki kwingine. Mama yule alipouliza amekosea wapi, sehemu ya jibu ilikuwa ndani ya madrasa yetu.

Zawadi ya mama yake Asma

Hatukumpelekea kijana maoni yetu. Tulimpelekea alichodai kukitaka, yaani dalili. Tulisoma naye kisa cha Asma bint Abi Bakr (RA), ambaye mama yake, akiwa bado mshirikina, alikwenda Madina kumtembelea. Asma hakujua afanye nini, akamuuliza Mtume (SAW) kama aunge naye udugu. Akaamrishwa aunge. Kisa hiki kimo katika Sahihi mbili, ya Bukhari na ya Muslim. Na katika mapokezi mengine imeelezwa kwamba mama huyo alikuja na zawadi, na Asma kwanza alisita kuzipokea wala kumwingiza nyumbani, mpaka alipoelekezwa kumpokea. Wafasiri wamekihusisha kisa hicho na aya ya 8 ya Suratul Mumtahina, inayobainisha kwamba Mwenyezi Mungu hatukatazi kuwatendea wema na uadilifu wale wasiotupiga vita kwa ajili ya dini wala kututoa majumbani mwetu.

Tulisoma naye pia aya ya 15 ya Surat Luqman, ambamo mtoto ambaye wazazi wake wanamshurutisha kwenye shirki anatakiwa asiwatii katika hilo, na papo hapo anaamrishwa akae nao kwa wema duniani. Ikiwa hiyo ndiyo haki ya mzazi anayemvuta mtoto kwenye shirki, itakuwaje haki ya mama mdogo ambaye hajawahi kumwambia mtoto neno juu ya imani yake, na ambaye kila Iddi humnunulia kanzu ya kwendea swala?

Kijana hakujibu siku hiyo, na hatukumlazimisha. Historia inatufundisha subira katika jambo hili. Walipojitenga Makhawarij na jeshi la Sayyidna Ali (RA), watu wa ibada nyingi waliowakufurisha Waislamu wenzao, Abdullah bin Abbas (RA) aliwaendea kwa maneno kabla ya upanga. Aliwauliza wana hoja gani, akazisikiliza mpaka mwisho, akazijibu moja baada ya nyingine kwa Qur'an na Sunna, na maelfu wakarejea. Waliobaki katika ukaidi ndio walioendelea kumwaga damu, na mmoja wao, Ibn Muljam, ndiye aliyemuua Sayyidna Ali huko Kufa mwaka wa 40 Hijria. Hata hapo Sayyidna Ali, akiwa na jeraha la kifo, aliusia mfungwa huyo alishwe na asikatwekatwe viungo.

Watoto waliokulia Habasha

Wako wasomaji wetu wenye watoto na wajukuu Muscat, Dubai, London na Minneapolis, na wako wanaoishi hapa hapa katika mitaa ambamo wao ni wachache. Wote huuliza jinsi mtoto anavyoweza kukua Mwislamu katikati ya wasio Waislamu bila kuyeyuka na bila kuwachukia. Jibu la kwanza la swali hili limo katika Sira.

Mwaka wa tano wa utume, Waislamu walihamia Habasha, nchi ya Wakristo iliyotawaliwa na Najashi, mfalme asiyedhulumu. Ja'far bin Abi Talib (RA) alisimama mbele yake akaeleza dini yake kwa adabu na kusoma kutoka Surat Maryam. Mara nyingi khutba zetu huishia hapo. Tunasahau kwamba baadhi ya wahamiaji wale, Ja'far akiwa mmojawao, walikaa Habasha mpaka mwaka wa saba Hijria, yaani zaidi ya miaka kumi. Huko walizaa na kulea. Abdullah bin Ja'far, aliyekuja kusifika kwa ukarimu, alizaliwa huko.

Yuko pia binti aliyejulikana kwa jina la Ummu Khalid (RA), aliyezaliwa Habasha na kurejea akiwa bado mdogo. Imam Bukhari amepokea kwamba Mtume (SAW) aliletewa nguo yenye nakshi, akamvisha yeye kwa mkono wake, na kuisifu nguo hiyo kwa neno la Kihabashi lenye maana ya nzuri. Katika mapokezi mengine, binti alianza kuchezea muhuri wa utume mgongoni kwa Mtume (SAW). Baba yake akamkemea, naye Mtume (SAW) akasema aachwe.

Wazazi tukitafakari tutaona mafunzo makubwa. Mtoto aliyekulia ugenini hakuonewa haya wala kuambiwa asahau alikotoka. Alisemeshwa kwa lugha ya nchi aliyoizoea, na alipokuwa na udadisi hakupigwa. Mtoto wa namna hiyo hana sababu ya kutafuta mahali pengine pa kupendwa.

Yaliyotokea kwa wenzetu

Tusidhani hatari hii ni ya kufikirika. Mwaka 2007 na 2008, zaidi ya vijana 20 wenye asili ya Kisomali waliokulia Minnesota, Marekani, walitoroka kwenda kujiunga na al-Shabaab. Baadhi ya familia zilisimulia kwamba zilikuwa zikimshukuru Mungu kwa kijana kushika swala na kuepuka magenge ya mitaani; hazikujua ni nani mwingine aliyekuwa akizungumza naye. Jirani zaidi, katika mkoa wa Cabo Delgado, Msumbiji, mashambulizi yalianza Oktoba 2017 katika mji wa Mocímboa da Praia. Miaka kadhaa kabla ya risasi ya kwanza, wazee wa misikiti ya huko walikuwa wameshaona vijana wakijitenga na misikiti ya wazazi wao na kukataza watoto kwenda shule. Oktoba 2020 moto huo ulivuka mto Ruvuma na kufika kijiji cha Kitaya, mkoani Mtwara. Waliokimbia na kuchomewa nyumba kule Cabo Delgado, wengi wao ni Waislamu, wenye lugha na majina kama yetu.

Lakini ipo mifano ya upande wa pili, na hiyo ndiyo tunayopaswa kuwasimulia watoto. Tarehe 21 Desemba 2015, basi lililokuwa likienda Mandera, Kenya, lilitekwa karibu na El Wak. Washambuliaji waliwataka Waislamu wajitenge na Wakristo. Mwaka mmoja kabla, katika eneo hilo hilo, abiria 28 wa basi walikuwa wameuawa kwa utaratibu huo. Safari hii Waislamu walikataa kujitenga, na baadhi ya wanawake wa Kiislamu waliwapa wenzao Wakristo mitandio wajifunike. Mwalimu Salah Farah, aliyekuwa miongoni mwa waliokataa, alipigwa risasi na kufariki mwezi uliofuata. Mwalimu huyo hakuwa na muda wa kufungua kitabu ndani ya basi. Alitoa alichokuwa amekwisha kukibeba moyoni.

Na tarehe 19 Juni 2017, mwezi wa Ramadhani, mtu mmoja aliendesha gari na kuwagonga waumini waliokuwa wakitoka katika tarawehe eneo la Finsbury Park, London. Mzee Makram Ali alifariki. Watu wenye hasira walimzunguka mshambuliaji, na imamu Mohammed Mahmoud akawazuia wasimpige mpaka polisi walipomchukua. Mahakamani ilielezwa kwamba mshambuliaji yule, asiye Mwislamu, aligeuka kuwa mtu wa chuki katika muda wa wiki chache tu, kwa mambo aliyoyasoma na kuyatazama katika mitandao. Ni maradhi yale yale, yenye mlango ule ule, katika dini nyingine na rangi nyingine.

Hofu ya mzazi

Tunajua kwa nini wazazi hunyamaza. Wanaogopa kwamba wakisema neno moja, mtoto atachukuliwa na hawatajua aliko. Hofu hiyo ina historia. Waislamu wa nchi hii wanawakumbuka masheikh wa Uamsho wa Zanzibar, waliokaa rumande miaka mingi kwa mashtaka ya ugaidi mpaka yalipofutwa Juni 2021. Mambo kama hayo huacha kovu, na anayetaka wazazi waseme lazima kwanza awaoneshe kwamba watasikilizwa kwa haki.

Hata hivyo, hofu isitufanye wepesi wa kuficha hatari. Kamati yetu imejiwekea mpaka. Mtoto mwenye mawazo makali ni wetu sisi: wazazi, walimu na maimamu. Kumkimbiza polisi kwa sababu ya maneno ni kumkabidhi kwa wale waliomwambia kwamba jamii yake imemtupa. Lakini mtoto anayepanga kumdhuru mtu, anayepanga safari ya siri au anayetafuta silaha, huyo ni wajibu kumzuia na kutoa taarifa mara moja, kwa kuwa nafsi moja ikiuawa bila haki Qur'an imelihesabu jambo hilo sawa na kuwaua watu wote. Kunyamaza hapo ni kushiriki.

Yanayowezekana katika kila nyumba

Haya ni machache tuliyojifunza, na hayahitaji fedha.

Tujue mtoto anasoma dini kwa nani. Mzazi aulize jina la mwalimu, mji wake na waliomfundisha, kama anavyouliza ukoo wa mchumba. Simu isipokonywe kwa kishindo, kwani ataipata nyingine. Akaliwe naye, na darsa isikilizwe pamoja.

Tusiogope maswali. "Sijui, tutamuuliza sheikh" ni jibu lenye heshima kuliko kiboko.

Tuchunge ndimi zetu sebuleni. Mtoto anayemsikia baba yake akimwita jirani kafiri kwa dharau, kisha akimchekea asubuhi, hujifunza kwamba wema wetu ni wa uongo. Wale wa kwenye simu humwambia wao tu ndio wakweli.

Tuwapeleke watoto kwa ndugu zao wa dini nyingine, wakale pale kilicho halali, wakawaone wagonjwa, wakawazike wafu wao kwa kusindikiza na kufariji. Kushirikiana katika wema si kushiriki katika ibada, na mtoto aliyefundishwa tofauti hiyo mapema hayumbishwi.

Na tumpe kijana kazi inayoonekana. Hata kabla ya ajira, msikiti una bomba linalovuja, una watoto wa kufundishwa alifu na bee, una wazee wa kupelekwa hospitali.

Alipofika kijana wetu

Wasomaji watataka kujua mwisho wake. Ilichukua miezi mitano. Alirudi kwanza katika swala ya Alfajiri, akisimama safu ya nyuma na kuondoka mapema. Baadaye akaanza kukaa. Tulimwomba asaidie kuwafundisha watoto wa darasa la kwanza la madrasa, mbele ya imamu, na akakubali. Bado tunahitilafiana naye katika mambo kadhaa, likiwemo hilo la shikamoo. Imamu husema mtu hakufuru kwa kuacha kuamkia, basi asiandamwe.

Baada ya mavuno mama yake alipofunga gunia la mchele wa Mikumi, alilibeba yeye mpaka kituo cha basi, kisha akapanda naye. Mama anasema mwanawe hakuongea njiani. Mgahawani mama mdogo aliwaandalia wali na samaki, akataja kwa sauti kwamba samaki kamnunua asubuhi ile, kama kwamba anatoa ushahidi. Kijana akanawa mikono, akasema Bismillahi, akala. Kanzu ile hajaivaa bado. Mama ameihifadhi kabatini, hamsemeshi juu yake.

Siku hizi kila Alhamisi baina ya Magharibi na Isha tunakaa na vijana msikitini kwa ajili ya maswali tu. Sharti ni moja: hakuna swali linalochapwa. Wengine huuliza mambo yanayotutoa jasho, na mara nyingine imamu huomba muda wa wiki nzima akasome. Tunazishauri kamati za misikiti mingine zijaribu utaratibu huu, na wazazi wawaruhusu mabinti pia, kwa kuwa nao wana simu na wana maswali.

Tunamwomba Mwenyezi Mungu atuhifadhie watoto wetu, atupe ndimi laini na masikio mapana, na awaunganishe ndugu wa damu ambao dini zimewatofautisha. Amin.